Wapimaji wa mitetemo wamefika shambani kwa mama: je, wataamsha volkano?

*“Naishi Ndosho, hapa Goma. Mama yangu ni mjane, analima maharagi na mahindi upande wa Rutshuru. Juzi wageni wawili walipita shambani kwake pamoja na chefu wa kijiji, wakachomeka vibendera vya rangi ya chungwa na vya buluu kwa mstari mmoja ulionyooka, ukakata shamba katikati. Walisema wao si watu wa petroli, ni kampuni ya data ya mitetemo, na kwamba watarudi na malori ya kutetemesha ardhi, na pale lori lisipofika watatoboa mashimo na kutia baruti kidogo. Wamemwachia karatasi ya Kifaransa ili atie kidole, na watamlipa mimea itakayokanyagwa. Majirani wanasema mitetemo hiyo itaamsha Nyiragongo. Wengine wanasema gesi ya Ziwa Kivu italipuka. Kaka yangu yeye anataka mama atie kidole haraka, kwa sababu petroli ikipatikana shambani kwetu tutapata fungu letu. Mama hasomi Kifaransa. Nimwambie nini?”*

Dada, asante kwa kuandika kabla mama hajatia kidole. Naanza na kitu cha kumwambia leo hii: hakuna haraka yoyote. Kampuni inayofanya kazi hii kwa utaratibu hutumia miezi kuandaa mistari yake, na mtu anayekuambia kwamba leo ndiyo siku ya mwisho anasema hivyo kwa faida yake.

Katika barua yako kuna hofu, kuna tumaini, na kuna karatasi. Hofu ya volkano ndiyo inayowanyima watu usingizi, nami nitaijibu kwa kirefu. Lakini ujue tangu sasa kwamba kwa maoni yangu mtetemo wenyewe ndio tatizo dogo kuliko yote. Kinachoweza kumwumiza mama ni karatasi asiyoielewa, na mashimo yatakayobaki shambani wageni wakishaondoka.

Kwanza hao wageni ni nani? Waliposema si watu wa petroli, walisema kweli. Kampuni ya data ya mitetemo haichimbi visima wala haiuzi mafuta. Inapima ardhi, inatengeneza picha ya miamba iliyo chini, na picha hiyo ndiyo bidhaa yake. Mara nyingine inaajiriwa na kampuni moja ya petroli au na Serikali. Mara nyingine inapima kwa fedha zake, kisha inauza ruhusa ya kutumia data zilezile kwa kampuni nyingi, moja baada ya nyingine, kwa miaka. Kampuni kubwa za dunia kama TGS ya Norway, au CGG ya Ufaransa ambayo tangu 2024 inaitwa Viridien, zinapata sehemu kubwa ya mapato yao kwa biashara ya namna hiyo. Na data hazizeeki upesi. Ziwa Tanganyika lilipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani mwaka 1983 na 1984, na mpaka leo wanajiolojia wanarudi kwenye michoro ile.

Hilo lina maana kwa mama. Mtu anayesimama mbele yake na kalamu siye atakayechimba, kama kutachimbwa. Atakayechimba huenda bado hajulikani. Kwa hiyo ahadi yoyote ya shule, ya barabara au ya fungu la petroli ikitoka mdomoni mwa mpimaji, haina mwenyewe: yeye hana petroli ya kugawa, na kazi yake ikimalizika hamtamwona tena.

Sasa tuone wanafanya nini hasa. Mama anapotaka kujua bidoni ya mawese imebaki na kiasi gani, huigonga kwa kidole na kusikiliza mahali mlio unapobadilika. Wapimaji wanaigonga ardhi, na masikio yao ni vifaa vidogo vinavyoitwa jiofoni. Kila jiofoni ina ukubwa wa kopo dogo, chini ina msumari wa kuchomekwa kwenye udongo, na zinapangwa kwa mamia au maelfu kufuata mstari. Zamani zote ziliunganishwa kwa nyaya ndefu. Siku hizi nyingi zina betri na kumbukumbu yake ndani, zinakaa shambani siku kadhaa kimya kabisa, kisha zinakusanywa. Vibendera ulivyoviona ni alama za mahali pa kuweka jiofoni na mahali pa kugonga, na kwa kawaida kila rangi ina kazi yake. Mwambie mama aulize: rangi ipi ni ya kusikiliza tu, na rangi ipi ni ya lori au ya baruti? Jibu litamwonyesha mara moja ni sehemu gani ya shamba itakayoguswa kweli. Penye jiofoni, ni miguu ya watu tu itakayopita. Penye kugongwa ndipo penye uharibifu.

Kugonga kwenyewe ni kwa namna mbili. Lori la kutetemesha lina uzito wa tani 20 hadi 30. Linasimama, linashusha bamba la chuma chini ya tumbo lake, linaegemeza uzito wake juu ya bamba hilo, kisha linatetemesha ardhi kwa sekunde 10 au 20 hivi, likianza na mlio mzito na kupanda hadi mlio mwembamba. Halafu linainua bamba na kusogea mbele. Namna ya pili ni baruti: wanatoboa shimo jembamba lenye kina cha mita kadhaa, wanashusha kilo moja au chache za baruti pamoja na waya wa kuilipua, wanalifukia shimo mpaka juu, kisha wanalipua kwa mkondo wa umeme kutoka mbali. Juu husikika kishindo kizito na udongo huruka kidogo.

Mawimbi ya mtetemo huo yanashuka. Kila yanapokuta mwamba wa aina nyingine, sehemu yake inarudi juu kama mwangwi. Chukua mwamba ulio kilomita 3 chini, katika ardhi ambamo mawimbi husafiri kilomita 3 kwa sekunde: mwangwi wake utarudi baada ya sekunde 2. Jiofoni zinaandika muda huo kwa usahihi wa sehemu moja kwa elfu ya sekunde. Ukikusanya miangwi ya maelfu ya mahali, kompyuta zenye nguvu zinafanya hesabu kwa miezi mpaka unatokea mchoro wa matabaka: hapa miamba imelala, hapa imevunjika, hapa imeinuka kama kuba. Hakuna mnururisho, yaani mionzi ya hatari. Hakuna dawa inayomiminwa ardhini. Hakuna mashine inayofyonza kitu. Ng'ombe hatakauka maziwa kwa sababu ya jiofoni, na wanaosema hivyo kijijini wasichekwe, waelezwe.

Kwa nini Rutshuru? Kwa sababu pale, kaskazini mwa volkano, bonde la ufa limejaa mashapo: mchanga na udongo mfinyanzi ulioletwa na mito na ziwa kwa mamilioni ya miaka. Petroli huzaliwa na kukaa katika miamba ya namna hiyo. Hapa Goma tunakaa juu ya lava juu ya lava nyingine, na mawe hayo magumu, yenye nyufa na mapango, hutawanya mawimbi hovyo hata picha inakuwa ukungu. Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wapimaji wa petroli wapende tambarare ya Rutshuru na Ziwa Edward kuliko Nyiragongo kwenyewe.

Tuje basi kwa Nyiragongo. Anayeogopa mlima huu si mjinga. Sisi tuliouona moto wa 17 Januari 2002 ukipita katikati ya mji, na ule wa 22 Mei 2021 ukija hadi karibu na uwanja wa ndege, hatuhitaji kufundishwa hofu. Lakini tupime nguvu kwa nguvu. Kila hatua moja ya kipimo cha tetemeko, tuseme kutoka 4 kwenda 5, ni nishati kuzidi karibu mara 32. Mlipuko wa kilo chache za baruti shimoni haufikii hata tetemeko la kipimo cha 2. Tetemeko lililopiga Bukavu na Rusizi tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa la 5.9. Ukifanya hesabu, ni zaidi ya mara laki sita ya tetemeko la 2. Na lori la kutetemesha ni dhaifu kuliko baruti, ndiyo maana linalazimika kutetemesha kwa sekunde nyingi ili mwangwi wake usikike.

Zaidi ya hapo, volkano hailali ikingoja kugutushwa. Inapasuka pale shinikizo la uji wa moto ulio chini linaposhinda nguvu ya miamba inayoufunika, au ardhi ya bonde la ufa inapotanuka na kuupa njia. Mlima wenyewe unatetemeka kila siku kwa mitikisiko midogo ambayo mitambo ya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, inaiandika na sisi hatuisikii. Kilo mbili za baruti makumi ya kilomita kutoka kwenye kreta haziongezi kitu katika mambo hayo. Ninalolidai kwa kampuni ni jingine: iwape OVG taarifa ya siku na saa za kazi kabla ya kuanza, ili mitetemo ya kutengenezwa isije ikachanganywa na mitetemo ya mlima. Kampuni isiyojua kwamba Goma kuna OVG haijajiandaa kufanya kazi katika nchi hii.

Na Ziwa Kivu? Hofu hii nayo ina mzizi wa kweli. Chini ya ziwa letu kuna takribani kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni na 60 za metani, zikiwa zimeyeyuka ndani ya maji. Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa gesi yake ghafla tarehe 21 Agosti 1986 likaua watu wapatao 1,700. Kwa hiyo kuuliza si upumbavu hata kidogo. Gesi hiyo inashikiliwa chini na uzito wa maji yaliyo juu yake, na maji ya chini ni mazito, yana chumvi nyingi, hayapandi kwa urahisi. Ili gesi itoke kwa kishindo, lazima maji mengi ya kilindini yainuliwe mamia ya mita, hadi pale uzito wa maji usipoweza tena kuizuia. Mtetemo unaopita kwa sehemu ndogo ya sekunde hauinui maji namna hiyo. Wanasayansi wamepima chini ya Kivu kwa mitetemo tangu mwanzo wa miaka ya 1970, bila madhara hayo. Mwaka 2002 lava yenyewe iliingia ziwani, ardhi ikitikisika siku nyingi, na matabaka ya chini hayakupinduka. Mwaka 2021 uji wa moto ulisogea chini ya mji na kufika chini ya ziwa, ndiyo sababu watu walihamishwa tarehe 27 Mei, na bado ziwa lilishikilia. Na shamba la mama liko Rutshuru, mbali na maji hayo.

Kuna jambo moja ambalo watu wanalichanganya, na nataka ulibebe vizuri ukienda kijijini, kwa sababu mpinzani mwerevu atakuuliza. Je, si kweli kwamba kazi ya petroli imeleta matetemeko nchi nyingine? Ni kweli. Oklahoma, Marekani, ilipata tetemeko la 5.8 mwaka 2016 baada ya miaka ya kusukuma maji machafu ya visima kwa wingi chini sana ardhini. Groningen, Uholanzi, kutoa gesi kwa miongo mingi kulitikisa ardhi na kupasua nyumba, na tetemeko kubwa la huko lilikuwa la 3.6 mwaka 2012. Lakini hayo yalitokana na kutoa na kusukuma vimiminika kwa miaka, wala si kupima. Siku kampuni itakapokuja kuchimba, swali la matetemeko litakuwa halali kabisa, na jibu langu la leo lisitumiwe kuwanyamazisha watu siku hiyo.

Ukienda Vitshumbi au Nyakakoma, kwa wavuvi wa Ziwa Edward, utasikia swali la samaki. Kwenye maji hawatumii lori, wanatumia mizinga ya hewa inayofyatua hewa iliyobanwa. Karibu kabisa na mzinga, mayai na vifaranga vya samaki vinaweza kufa, na samaki wakubwa hukimbia. Utafiti uliofanywa Norway miaka ya 1990, katika bahari ya Barents, uliona mavuno ya wavuvi yakishuka kwa karibu nusu katika eneo lililopimwa, na yalikuwa hayajarudi siku kadhaa baada ya kazi. Wavuvi wanaodai fidia ya siku hizo wana hoja.

Sasa tumaini la kaka yako, nami naomba alisome hili mwenyewe. Mchoro wa mitetemo hauonyeshi petroli. Unaonyesha umbo la miamba ambamo petroli ingeweza kukaa. Kuba zuri linaweza kuwa limejaa maji ya chumvi, na mara nyingi ndivyo linavyokutwa. Kisima ndicho kinachosema kweli, na visima vya kwanza vya utafutaji hukosa mara nyingi kuliko vinavyopata. Ziwa Edward upande wetu lilipimwa mwaka 2014 na kampuni ya Kiingereza ya SOCO, ndani ya Hifadhi ya Virunga, katikati ya mabishano makubwa. Kampuni ikakubali kuondoka mwaka huohuo, na hakuna kisima kilichochimbwa. Majirani zetu wa Uganda walitangaza petroli mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha ulikuja Februari 2022. Hata Kinshasa ilitangaza zabuni ya vitalu 27 vya petroli mnamo Julai 2022, kisha ikaifuta Oktoba 2024. Kati ya kibendera na pipa la mafuta kuna miaka mingi na milango mingi inayoweza kufungwa.

Na hata petroli ingepatikana chini ya mahindi ya mama, isingekuwa ya mama. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, na sheria ya hidrokaboni ya 1 Agosti 2015 inaweka petroli na gesi mikononi mwa Serikali vilevile. Alicho nacho mama ni haki ya kutumia shamba, ya mimea yake, ya nyumba yake. Si haki ndogo. Ibara ya 34 ya Katiba inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, na inataka fidia ya haki, tena ilipwe kabla, pale mtu anaponyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma. Lakini fungu la petroli halimo humo. Karatasi ya mpimaji haitalitia, hata mama akitia vidole vyote kumi.

Hayo yakieleweka, tutazame yale yanayoharibika kweli. La kwanza ni lori. Tani 25 zikipita kwenye udongo uliolowa wa Machi au Novemba zinaacha mitaro ambayo maharagi hayatakubali msimu unaofuata, kwa sababu udongo umegandamizwa. Daraja la magogo linaloshika pikipiki na Fuso tupu linaweza lisishike mzigo huo. Ulizeni njia ya kuingilia, na ulizeni kama wanaweza kupita wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Hapo mama hapotezi mimea, nao wanalipa kidogo. Ni ombi ambalo meneja mwenye akili hulikubali.

La pili ni nyumba na chemchemi. Kwa mbali, mtetemo si kitu. Kwa mita kumi au ishirini, ukuta wa matofali mabichi ambao tayari una ufa unaweza kufunguka zaidi. Nyumba za mbao kama zetu za Goma huyumba na kurudi. Za udongo hazina huruma hiyo. Kwa hiyo kuna umbali wa chini ambao lori na baruti havipaswi kuuvuka kutoka kwenye nyumba, kisima, chemchemi na kaburi, na unakua kadiri baruti inavyoongezeka. Kwa baruti mimi ningedai mita 100 iandikwe kwa tarakimu, na zaidi kwa chemchemi inayonywesha kijiji. Kisha chukua simu yako, dada, uende upige picha kila ukuta wa nyumba ya mama, kila ufa ukiwa na rula au kiberiti pembeni ili ukubwa wake uonekane, na tarehe iwe wazi. Chemchemi nayo: pima inachukua muda gani kujaza bidoni ya lita 20, na uandike. Fanya hivyo kabla malori hayajaja. Bila picha za kabla, ufa wa baada utakuwa neno lako dhidi ya neno lao, na wao watakuja na mtaalamu.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: baruti isiyolipuka. Hutokea. Waya unakatika, unyevu unaingia, mlipuaji anabonyeza na kimya. Shimo linapaswa kuwekewa alama na kushughulikiwa na fundi mwenye leseni kabla kikosi hakijaondoka. Kwenye kazi iliyofanywa ovyo, waya wa rangi unabaki umechomoza ardhini, na mtoto anauvuta ili atengeneze gari lake la kuchezea. Katika Kivu yetu, ambako mabomu ya vita yamekwisha kuwakata watoto mikono, sina haja ya kueleza zaidi. Kila shimo liwe na namba. Siku ya mwisho, chefu na wenye mashamba wapewe orodha: mashimo yaliyotobolewa, yaliyolipuka, yaliyofukiwa. Hesabu zote tatu zilingane. Zisipolingana, hakuna kusaini kwamba kazi imekwisha. Na waya wowote utakaoonekana baadaye usivutwe, usikatwe, usifukiwe. Wekeni alama mbali nao, zuieni watoto, na waiteni watu wa kutegua mabomu kupitia viongozi wa eneo.

Tumefika kwenye karatasi. Sijaiona, kwa hiyo nasema yale ninayoyatafuta katika karatasi za namna hii. Natafuta kama inasema “fidia kamili na ya mwisho”. Maneno hayo yakiwa juu ya malipo yanayotolewa kabla ya kazi, mama atakuwa ameuza haki ya kudai nyufa na mitaro asiyoiona bado. Malipo yagawanywe: kitu kabla, kwa mimea inayojulikana, kisha ukaguzi wa pamoja baada ya kazi na malipo ya madhara yaliyojitokeza. Natafuta jina kamili la kampuni, namba ya kibali cha wizara inayohusika na hidrokaboni, na jina la yule anayewalipa kupima. Natafuta kama maharagi yamehesabiwa kwa mita za mraba na kwa bei ya nani. Mkaguzi wa kilimo wa eneo anaweza kusaidia kupanga thamani, na kahawa au ndizi, ambazo huchukua miaka kurudi, hazilipwi kama maharagi ya miezi mitatu. Natafuta kama ruhusa ni ya kupita mara moja au ni ya kurudi wakati wowote. Na nataka yote yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, mbele ya mashahidi aliowachagua yeye, na nakala ibaki nyumbani kwake.

Je, anaweza kukataa kabisa? Niseme ukweli wangu: kampuni yenye kibali halali cha Serikali mama mmoja hataizuia kwa muda mrefu, na kumtuma akasimame mbele ya lori ni kumtia hatarini, hasa katika hali ya usalama tuliyo nayo. Anaweza kukataa kutia kidole mpaka aelewe. Anaweza kuomba mstari usogezwe. Mstari wa kupima husogezwa makumi ya mita kila siku kwa sababu ya nyumba, mto au mwinuko, na picha haiharibiki. Njia ninayoiona bora ni wenye mashamba wote ambao mstari unawapitia wakae pamoja, wawe na karatasi moja na bei moja. Kampuni inayozungumza na mwenye shamba mmoja mmoja hulipa kila mtu tofauti, kisha kijiji kinagombana chenyewe wageni wakiwa wamekwisha kwenda. Kuhusu Bwana chefu, heshima yake abaki nayo. Lakini kidole chake hakiwezi kuchukua nafasi ya kidole cha mama juu ya mimea ya mama.

Kibali hicho kikikosekana, au kampuni ikikataa kukionyesha, mambo yanageuka. Hapo msizungumze bei. Nendeni kwa msimamizi wa teritwari (administrateur) na karatasi waliyoiacha, mkiwa na avoka, yaani wakili. Vilevile kama shamba liko mpakani mwa Hifadhi ya Virunga, hakikisheni kwa ICCN, wasimamizi wa hifadhi, mstari unaelekea wapi. Hifadhi hiyo ni urithi wa dunia tangu 1979, na mama asije akajikuta ameruhusu njia inayoingia mahali ambapo kazi hiyo ina kesi yake.

Wiki hii, dada, piga picha karatasi yote, mbele na nyuma, na picha za vibendera ukitokea nyumbani na chemchemini ili umbali ujulikane. Karatasi mpelekee avoka hapa Goma. Baadhi ya mashirika ya haki za binadamu mjini huwasikiliza wakulima bila malipo, ulizeni kwanza huko. Ukishajua umbali wa mstari hadi nyumba na kama rangi iliyo karibu ni ya baruti au ya lori, niandikie tena na vipimo hivyo, nitakuambia kama umbali unatosha. Ikionekana kwamba ni baruti na iko chini ya mita 100 kutoka kwenye nyumba au chemchemi, usingoje jibu langu: mwombe chefu amwite msimamizi wa kikosi aje ausogeze mstari akiwa amesimama palepale, mama naye akiwepo.